Mume wangu anataka minyororo, mimi nataka matairi ya theluji

BARUA

Kwako Mshauri,

Salamu nyingi. Jambo lililoanza kama mazungumzo ya vifaa vya gari sasa linakaa nasi mezani kila jioni, na safari imebakiza wiki tano.

Tunasafiri familia nzima: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka tisa na minne, na mama mkwe mwenye miaka sabini na mmoja. Kwenda ni kilomita 1,100, na kurudi vivyo hivyo. Sehemu kubwa ni barabara kuu ya tambarare. Baada ya hapo kuna kilomita 60 za mlima: barabara inapanda hadi kama mita 1,900, inavuka kileleni, halafu inateremka kwa kona upande wa pili. Nyumba tutakayofikia iko kilomita tano juu ya kijiji, kwenye njia ambayo husafishwa theluji baada ya barabara nyingine zote kumalizika. Tutakaa siku tisa. Tunakoishi, theluji ni jambo la siku mbili tatu kwa mwaka, ikianguka asubuhi jioni haipo. Baridi lakini tunayo. Alfajiri kipimajoto cha gari husoma nyuzi 2 au 3.

Gari letu ni la kawaida la familia, otomatiki, linavutwa na matairi ya mbele. Ubavuni mwa tairi imeandikwa 225/45 R17, yaani upana wa milimita 225 na rimu ya inchi 17. Ni matairi ya kiangazi, na kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zimebaki milimita 5, nimezipima mwenyewe.

Mume wangu anataka tununue minyororo ya kuvisha matairi. Anasema theluji tutakutana nayo kilomita 60 tu, sasa kwa nini tulivalishe gari viatu vya theluji safari nzima? Minyororo itakaa kwenye buti, tukifika mlimani tunaifunga, tukivuka tunaivua. Kaka yake mkubwa ameitumia miaka mingi bila tatizo, na kwenye mambo ya magari neno la shemeji huwa ndilo la mwisho katika familia yao.

Mimi nataka matairi manne ya theluji. Sababu ninayoitaja ni usalama wa watoto. Sababu ambayo sijaitaja ni mgongo wa mume wangu. Mwaka jana aliinua ndoo vibaya akalala siku nne. Kwa hiyo najua atakayepiga magoti kwenye tope la theluji usiku, magari yakipita ubavuni, ni mimi, na sijawahi hata kuishika minyororo hiyo. Nikimwambia hivyo ataona namfanya mgonjwa. Nikisisitiza matairi, ataona namkosoa kaka yake.

Fundi wa matairi ametuongezea la tatu: tununue mawili tu ya theluji, tuyafunge mbele, kwa kuwa ndiko gari linakovutwa. Mume wangu amelipenda wazo hilo kwa sababu ni nusu ya gharama. Mimi nasita, ila ukiniuliza kwa nini sina jibu.

Pesa tuliyotenga inatosha kitu kimoja, si vyote viwili. Je, nani kati yetu yuko sahihi?

Ni mimi,
Abiria wa Kiti cha Mbele

JIBU

Dada yangu Abiria,

Asante kwa barua iliyoshiba. Umetupa saizi ya tairi, aina ya gari na hali ya barabara, vitu ambavyo wengi husahau na ndivyo vinavyofanya ushauri uwezekane.

Nikikusikia vizuri, mna safari moja, pesa ya kitu kimoja, na watu wawili ambao kila mmoja ameshika kifaa chake. Chini ya hayo kuna mgongo usiotajwa na kaka asiyekosolewa. Nitaanza na gari, maana huko kuna mambo ambayo huenda yakalegeza na haya ya nyumbani.

Unauliza nani yuko sahihi kana kwamba matairi na minyororo ni majibu mawili ya swali moja. Sina hakika kama ni hivyo. Tairi la theluji, yaani la majira ya baridi, linafanya kazi kuanzia mnapotoka getini. Mnyororo unafanya kazi pale tu ambapo barabara imefunikwa theluji au barafu, na nje ya hapo ni mzigo.

Tuanze na mpira. Tairi la kiangazi limetengenezwa kwa mchanganyiko unaohitaji joto ili uwe laini na ushike lami. Wataalamu hutumia nyuzi 7 kama alama ya kukumbuka: chini ya hapo mpira huo huanza kukakamaa. Si kwamba kwenye nyuzi 6 gari linaanza kuteleza ghafla; ni hali inayozidi kadiri baridi inavyozidi, na huonekana zaidi lami ikiwa na maji. Tairi la baridi lina mpira unaobaki laini hata kwenye baridi ya kuganda, na juu ya kashata zake kuna mikato myembamba kama iliyochanjwa kwa wembe. Mikato hiyo hufunguka tairi linapokanyaga na kuuma theluji. Theluji nayo hujipakia kwenye mifereji ya tairi, na kwa kuwa theluji hushikana na theluji, mshiko unaongezeka. Ndiyo maana kashata zikibaki chini ya milimita 4 tairi la theluji huwa limebaki na jina tu, hata kama sheria za nchi nyingi zinaruhusu tairi kufika milimita 1.6.

Sasa rudi kwenye hoja ya mumeo, kwamba theluji ni kilomita 60 tu. Kwa theluji, huenda ni kweli. Kwa baridi, umeandika mwenyewe kwamba alfajiri kwenu ni nyuzi 2 au 3. Mkitoka saa kumi na moja asubuhi ili muwahi, madaraja na sehemu zenye kivuli huenda zina utando wa barafu ambao macho hayauoni, na hapo mlima bado uko mbali. Haki yake nayo nimpe: siku ikiwa kavu na ina joto la nyuzi 12 au 15, tairi lake la kiangazi litafunga breki vizuri kuliko lako la theluji, ambalo siku hiyo litakuwa laini kupita kiasi na litalika haraka. Anayesema matairi ya theluji ni bora kila mahali hasemi kweli yote.

Mnyororo nao una jambo moja ambalo mpira hauwezi: chuma hukata barafu. Tairi la theluji la kawaida, lisilo na misumari, kwenye barafu iliyolowa karibu na nyuzi sifuri linashika kidogo sana, maana kuna utando wa maji kati ya mpira na barafu. Kwenye ile njia ya kilomita tano juu ya kijiji, isiyosafishwa mapema, kunaweza kuwa na asubuhi ambayo matairi manne mapya yatazunguka pale pale na mnyororo utapanda. Kwa hiyo hata wewe nakuuliza taratibu: je, ukishapata matairi manne, una uhakika hutahitaji minyororo kabisa?

Tatizo kubwa la minyororo ni kwamba barabara ya mlima ni nadra kuwa nyeupe mwanzo hadi mwisho. Utakuta kilomita nne za theluji, kisha lami tupu kwa sababu jua limepiga upande ule, kisha handaki kavu, kisha theluji tena. Kwa mnyororo mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, na watengenezaji wengine huweka chini ya hapo. Kwenye lami tupu pete zinasagwa, gari linatetemeka, tairi linaumia, na mnyororo ukikatika kipande kinachoning'inia hupiga madigadi kila mzunguko. Kinaweza kukata mpira wa breki au waya wa sensa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Ukisikia ta-ta-ta ikiongezeka kasi pamoja na gari, simama mahali salama uangalie. Kwa hiyo lile la kufunga chini na kuvua ng'ambo, siku nyingi, huwa ni kufunga na kuvua mara mbili au tatu, au kuvumilia lami polepole huku mkiombea pete.

Halafu kuna mteremko, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo kusita kwako juu ya lile wazo la fundi kunapopata maelezo.

Gari la kuvutwa mbele hufungwa minyororo mbele. Kupanda kunakwenda vizuri: injini inasukuma magurudumu yenye meno. Usukani nao unasikia. Dereva anajiamini. Lakini kwenye mteremko, ukikanyaga breki, uzito wa gari unakimbilia mbele na nyuma kunakuwa kwepesi. Mbele kuna chuma kinachouma, nyuma kuna mpira wa kiangazi uliokakamaa. Ongeza kona. Mbele inatii, nyuma inaendelea na safari yake, na gari linageuka kama mlango kwenye bawaba. Mbaya zaidi, dalili hazitangulii. Dereva anapima barabara kwa mikono iliyo kwenye usukani, na usukani unamwambia mambo ni shwari.

Matairi mawili ya theluji mbele yana kasoro hiyo hiyo, tena bila kikomo cha kilomita 50 kwa saa cha kumpunguza dereva mwendo. Fundi hakukudanganya kwamba gari litapanda. Amejibu swali la kupanda, wewe ulikuwa unawaza kushuka. Ndiyo maana matairi ya theluji hushauriwa yafungwe yote manne, ya aina moja na yaliyolika sawa. Kati ya njia zote mlizo nazo mezani hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, nalisema wazi.

Kwa minyororo, dawa ya hilo ni mwendo. Shuka kwa gia ya chini iliyochaguliwa kabla ya mteremko kuanza, breki laini na ikamilike kabla ya kona, usukani usizungushwe ghafla. Na muundo wa mnyororo una maana. Ule wa ngazi, wenye mistari inayokatiza tairi tu, huvuta na kufunga breki vizuri lakini pembeni huteleza. Ule wa almasi, wenye mistari inayokutana kwa pembe katikati ya tairi, hushika na pembeni. Kama mtanunua, tazameni hilo kabla ya rangi ya mfuko.

Lakini kabla ya kununua chochote, dada, fungua kitabu cha gari kwenye ukurasa wa magurudumu. Gari la saizi yenu mara nyingi huruhusiwa matairi zaidi ya aina moja, na minyororo huruhusiwa kwenye baadhi tu. Tairi pana la 225/45 R17 huacha nafasi finyu kati ya mpira na nguzo ya shoki-apu upande wa ndani. Unaweza kukuta imeandikwa kwamba saizi hiyo haifungwi minyororo kabisa, au inafungwa ile myembamba tu yenye pete za milimita 7 au 9, na kwa magurudumu ya mbele peke yake. Ukitaka kuona kwa macho, geuza usukani hadi mwisho, ingiza mkono nyuma ya tairi la mbele. Kama kidole kimoja kinapita kwa shida, mnyororo wenye kifungo cha unene huo utakwaruza.

Hapo ndipo mambo yenu mawili yanapokutana. Magari mengi yanayovaa 225/45 R17 yanaruhusiwa pia 205/55 R16. Kipenyo cha nje ni karibu kilekile, milimita 634 kwa 632, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Tairi hilo ni jembamba, linapasua theluji badala ya kuielea, kwa kawaida lina bei ya chini kuliko la inchi 17, na mara nyingi ndilo saizi ambayo kitabu kinaruhusu kufungwa minyororo. Kama kitabu chenu kinasema hivyo, basi kununua matairi manne ya theluji kwenye rimu za inchi 16 ni kununua pia ruhusa ya kutumia minyororo siku ya dharura. Na kama kinasema 225/45 R17 haifungwi, mpango wa mumeo umekufa kabla ya kuondoka, na aliyeuua ni mtengenezaji wa gari, si wewe. Hakikisha tu kwamba rimu ya inchi 16 inapita juu ya kalipa za breki zenu. Magari yenye breki kubwa hukataa.

Sheria nayo isiwakute njiani. Ufaransa, kwenye maeneo ya milima yaliyotajwa, kati ya tarehe 1 Novemba na 31 Machi, inakutaka uwe na matairi manne ya theluji au uwe umebeba minyororo ya angalau magurudumu mawili yanayovuta gari, chagua. Austria, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili barabara ikiwa na hali ya baridi, inataka matairi ya theluji yenye kashata za milimita 4, na minyororo juu ya matairi ya kiangazi inakubalika pale tu barabara ilipofunikwa theluji au barafu yote au karibu yote. California hupandisha amri ya minyororo kwa ngazi tatu, R1 hadi R3: kwenye R2, gari la kuvuta magurudumu yote manne lenye matairi ya theluji linasamehewa kufunga minyororo, lenu la kuvuta mbele halisamehewi, kwenye R3 hakuna anayesamehewa. Ulaya, kibao cha bluu cha duara chenye tairi lililofungwa mnyororo maana yake ni lazima ufunge, hata kama matairi yako ni mapya. Someni kanuni za kila eneo mtakalopita na la kileleni hasa.

Sasa kuhusu magoti kwenye tope la theluji. Nikueleze kazi yenyewe ilivyo, halafu upime mwenyewe.

Unasimama mahali tambarare, nje ya njia ya magari, kabla ya mlima kukaza. Si katikati ya mwinuko baada ya kukwama. Gia kwenye P, breki ya mkono, taa za dharura, fulana ya kung'aa. Unatandaza mnyororo chini na kuhakikisha haujasokotana; pete moja iliyopinda itakusumbua hadi mwisho. Kisha unapitisha kitanzi cha ndani, kwa kawaida waya mgumu wenye rangi, nyuma ya tairi, unakiinua juu na kuunganisha ncha zake kwa kupapasa, kwa sababu huoni. Hapo ndipo mtu analala ubavu. Unakisukuma kikae upande wa ndani, unaunganisha kulabu ya juu upande wako, midomo ya kulabu ikiangalia nje ili isichome tairi, kisha unavuta mnyororo wa kukazia kupitia kile kidude kinachouzuia kurudi na kufunga ncha iliyobaki. Upande wa pili vivyo hivyo. Unasogea makumi machache ya mita, unashuka, unakaza tena, maana mnyororo hujipanga ukizunguka na kulegea. Minyororo inayojikaza yenyewe inapunguza hatua hiyo, ila kushuka kuangalia bado kupo. Maandishi kwenye boksi yanaweza kudai dakika tano. Kwa anayefanya mara ya kwanza, gizani, vidole vimekufa ganzi, nusu saa si ajabu.

Kwa mgongo mbovu, sehemu ngumu ni ile ya kupapasa nyuma ya tairi. Ipo minyororo ya aina nyingine inayofungwa kwa nje, ikishikiliwa na kishikio kilichokazwa mapema kwenye nati za gurudumu. Hufiki nyuma kabisa, na inasaidia pia pale nafasi ya ndani ilipo finyu. Ni ya gharama zaidi. Ipo pia soksi ya kitambaa, nyepesi, inayovishwa juu ya tairi kama kofia. Gari linasogezwa nusu mzunguko unamalizia. Inafaa kwa theluji laini na umbali mfupi, lakini lami tupu inaitafuna haraka, na si kila mamlaka huikubali mahali pa mnyororo. Barani Ulaya tafuteni iliyoandikwa EN 16662-1, kiwango cha Ulaya cha vifaa hivyo.

Zaidi ya hayo mnazo njia ambazo barua yako haikuzitaja. Kuna matairi ya misimu yote yenye alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo maana yake tairi limefaulu kipimo cha kuvuta au kusimama kwenye theluji. Alama ya M+S (tope na theluji) peke yake ni kauli ya mtengenezaji tu. Kwa familia inayoona theluji siku tatu kwa mwaka, matairi hayo yana hoja, hasa kwa kuwa yenu yamebaki milimita 5 na yanaelekea kubadilishwa. Hatari yake ni kwamba kwenye mteremko mrefu wenye theluji nzito yatashindwa na tairi halisi la baridi, na kwenye barafu hayana la kusema.

Kuna pia kuazima. Shemeji ana minyororo. Kama saizi za matairi zilizoandikwa kwenye boksi lake zinajumuisha ile mtakayovaa, na kitabu cha gari kimeruhusu, pesa yote ingeweza kwenda kwenye matairi na minyororo ikaja kwa mkopo pamoja na somo la kuifunga. Saizi isilingane hata kwa kidogo, mwache nayo. Mnyororo mkubwa haukazwi ukatosha. Na kuna saa: kuvuka mlima kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, au kulala chini yake usiku mmoja theluji ikiwa inashuka, kunawasaidia nyote. Zile kilomita tano za mwisho mnaweza kupelekwa na mwenyeji anayeijua njia. Hilo la mwisho halina gharama kubwa na sijui kwa nini watu hulionea haya.

Mkichagua matairi, agizeni sasa, theluji ya kwanza ikianguka saizi za kawaida huisha. Angalia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa tairi: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba isishuke chini ya ile ya kitabu. Kama kinataka 91, usikubali 88. Mshale wa mzunguko utazame mbele. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, maana hushuka kama PSI 1 kwa kila nyuzi 5 au 6: tairi lililojazwa gereji yenye nyuzi 20 likaamkia nyuzi 10 chini ya sifuri limepoteza kama PSI 5. Mkichagua minyororo, msisahau glavu za mpira, taa ya kichwani, mkeka wa kupigia magoti, na baada ya safari kuiosha kwa maji ya vuguvugu ili kutoa chumvi na kuikausha kabla ya kuirudisha mfukoni.

Sasa la nyumbani. Umejibana kwenye kona mbili: kutaja mgongo ni kumdharau mume, kutaja matairi ni kumkosoa shemeji. Je, ni kweli hakuna njia ya katikati? Shemeji ametumia minyororo kwa miaka. Hujui ametumia kwenye gari gani, tairi la upana gani, na mlima upi. Kumuuliza hayo ni kumheshimu, tena mume wako anaweza kumpigia yeye mwenyewe. Na kuhusu mgongo, kuna tofauti kati ya kusema "wewe huwezi" na kusema "mimi ndiye nitakayefunga, naomba tupange kwa kunifikiria mimi". La pili ni kweli na linakuhusu wewe. Huenda akakataa kwamba utafunga wewe. Hapo mtakuwa mmeanza kuzungumza jambo lenyewe.

Kama maneno ni mazito, tumieni gari. Jumamosi moja mchana, mkeka chini, azimeni minyororo hata kwa majaribio, mvishe gurudumu moja la mbele pale mlipo, mara moja yeye, mara moja wewe, bila kuendesha. Anayefanya afanye amevaa glavu, na mwingine asimsaidie ila ashike saa. Kabla ya hapo pitisha mkono nyuma ya tairi, ujue kama kuna nafasi. Mama mkwe na watoto wanaweza kutazama dirishani. Kisha keti na kitabu cha gari, ukurasa wa magurudumu, na uniandikie kilichoandikwa kwenye safu ya 225/45 R17. Nitakuwa na mengi zaidi ya kukwambia nikishajua hilo.